Wageni wa Baba

Kaka yangu Engelbert,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, zikufikie wewe, wifi Hedwig na watoto, na ziwakute wazima huko Graz. Sisi tunapumua. Kifua bado kinambana Mama, lakini ulimi wake hauna ugonjwa: juzi kamwambia daktari kwamba dawa zake zinamsaidia mwenye duka tu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini siku hizi nimekuwa mkali kama siki. Kaka, nimechoka na hawa watalii hadi kinyaa. Mabasi yanawamwaga tangu asubuhi, na haya hawana. Mwezi uliopita nimemkuta mwanamume jikoni kwetu, kafunua sufuria ya Mama, anainusa supu. Nilipomuuliza anatafuta nini, akasema alidhani nyumba ni ya maonyesho, kisha akaniomba nisogee kidogo, namharibia picha. Nyuma ya rundo la kuni wamepafanya choo. Banda la mashua wamelifanya chumba cha kubadilishia magauni ya harusi, na harusi yenyewe haipo, ni picha tu.

Hayo ningeyameza. La Baba ndilo lililonishinda.

Unajua makaburi yetu yalivyobanwa kati ya mwamba na maji. Mtu analala udongoni miaka kadhaa, kisha anafukuliwa kumpisha mwingine, na fuvu lake linapakwa rangi na kuwekwa katika nyumba ya mifupa pamoja na wazee wake. Ulipolichora la Baba yale majani ya mwaloni na jina lake, Mama alilia kwa furaha, akasema nafasi iliyo kando yake asipewe mtu. Tangu hapo kila Jumapili anakwenda kumpa mumewe habari za wiki.

Jumapili moja nilimpeleka mimi. Tukapanga foleni, hebu fikiri, Mama na mkongojo wake, kwenda kumwona mumewe! Ndani tukamkuta msichana kabandika shavu kwenye paji la Baba, ulimi nje, wenzake wanacheka. Mmoja akasema babu huyu ana meno mazuri kuliko mjomba wake. Mama akawaambia kwa upole kwamba huyo ni mume wake. Basi wakafurahi kweli, wakambembeleza asimame karibu naye wawapige picha wote wawili. Sikujua mate yangu niyateme wapi.

Siku hiyo Mama hakula, wala kesho yake. Mwishowe akaniambia akifa asipelekwe pale, hataki kuchezewa. Nikamuuliza, na Baba je, abaki peke yake na wale? Akageukia ukutani. Nilimsikia analia, na unajua Mama si mtu wa kulia ovyo.

Sasa keti, kaka, nikuambie. Jumatano nimemtoa Baba.

Nilimweleza Alois, mtunza funguo. Akasema jambo hilo haliruhusiwi hata kidogo, asije akaniona nikilifanya, na kwa hiyo anakwenda nje kuvuta kiko chake, na yeye huvuta taratibu. Nikamfunga Baba katika kitambaa cha meza cha Mama, nikamtia kapuni, nikavuka naye ziwa kwa kivuko, katikati ya wale wale. Bibi mmoja akalipiga picha kapu langu, akauliza nauza nini. Nikamjibu ni mkate, umeshanunuliwa.

Ng'ambo, binamu Gerlinde ametupa sehemu katika kaburi la kwao, ambako hakuna anayefukuliwa. Padri wao kasali, tukamzika. Nafasi ya Mama ipo ubavuni pake. Najua ulivyohangaika na yale majani, na sasa yataozea udongoni. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Sikukuuliza kwa sababu ungenikataza. Kasirika, una haki, lakini Baba simtoi tena.

Jioni ile Mama alikula, akaongeza. Nami jana nimepita pale kwenye nyumba ya mifupa. Wanapiga picha pengo.

Msalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mama naye anakusalimu sana. Anasema siku yake ikifika uje mapema, uje na wajukuu wake, na brashi zako uziache huko huko Graz.

Ni mimi dada yako,
Roswitha