Kioo Kinachotoka Jasho

Jumatatu, 9 Desemba

Mimi nina bahati mpaka nawaonea huruma wenzangu. Nimepata pikapu! Ilikuwa ya mwalimu mstaafu kule Nan, alikuwa akienda nayo hekaluni na kurudi, basi. Haijui maji zaidi ya yale ya kuoshewa. Wenzangu bondeni wameuziwa magari yaliyoogelea kwenye mafuriko ya Septemba – mimi Inkaew nimeokota dodo chini ya mnazi.

Mtawa kaibariki leo. Nukta nyeupe za kinga kwenye dari, maji ya baraka kila kona. Kijiji kizima kimekuja kutazama. Binti yangu Fong, tumbo limemfika mlangoni, akakaa kiti cha mbele na kusema humo atateremka kama malkia. Kliniki iko chini ya mlima, kona juu ya kona, na hapa juu hakuna gari lingine ila trekta la kabichi. Kwa hiyo mimi na mjukuu tumeshapatana.

Jumatano, 11 Desemba

Baridi ya kukata masikio. Nawasha gari – kioo cha mbele cheupe pe, na ukungu uko kwa ndani. Nikafuta. Ukarudi. Nikafuta kwa shati, kikabaki na michirizi kama kimelambwa na nyati. Nimeendesha hadi sokoni kichwa kikiwa nje ya dirisha. Watu walidhani nawasalimia. Ikabidi niwasalimie.

Jioni mama mkwe, Bi Buakiew, kakagua. Yeye ndiye anayemtunza bibi wa gari, roho mlinzi asiyeonekana – kila asubuhi maua na maji juu ya dashibodi. Kasema bibi analia. Na bibi wa gari halii bure: kuna mwanamke mgeni aliyekalia kile kiti cha mbele.

Mke wangu Sida akaweka kijiko chini. "Baba Fong, nani huyo?"

Nikamwambia: mama yako, jana, na kapu lake la vitunguu.

Nimekula wali mkavu.

Ijumaa, 13 Desemba

Mama mkwe kaongeza dawa. Shada la yasmini linalochuruzika maji, bilauri ya soda nyekundu ya kumnywesha bibi. Kioo kimezidi. Nikaambiwa nimwombe bibi msamaha. Nimeomba, kwa sauti, dirisha wazi, kwa dhambi nisiyoifanya. Majirani wamesikiliza mpaka mwisho. Mmoja alichelewa, akataka nirudie mwanzo.

Fong anacheka ameshika mgongo. Mgongo huo siupendi.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimemwita Sanguan, fundi wa gereji ya njia panda, rafiki yangu tangu tuko uchi. Kaingia ndani, kanusa.

"Inkaew, humu kunanuka kambare."

Akaniuliza hiki kitufe cha hewa nani kakibonyeza. Nikasema mimi, kuzuia baridi. "Basi umefunga hewa ya nje. Unavuta pumzi yako mwenyewe, na ya mama mkwe juu yake." Akafungua hewa ya nje, kisha akawasha kiyoyozi. Desemba! Huku mlimani tunalala na makoti, yeye anawasha kiyoyozi! Kasema kazi yake si baridi tu, kinakausha hewa pia. Nikataka kumtukana – ukungu ukafunguka kama pazia. Nikameza tusi.

Lakini akazima, na baada ya muda mfupi ukarudi. Akaingiza mkono chini ya zulia, akaminya sponji. Maji. Akafunua zaidi. Tope laini, la mtoni, na konokono mdogo.

"Mwalimu wako alikuwa anafundisha samaki?"

Nikamwambia mtawa ana mkono mzito wa maji ya baraka.

"Mtawa hamwagi konokono, ndugu yangu."

Dawa, kasema: toa viti, toa zulia na sponji yake, anika mpaka vikauke kabisa, sakafu ibaki chuma kitupu hata wiki nzima. Na yale maua mabichi yakae nje. Hilo la maua kaniachia nimwambie mama mkwe mimi. Fundi mjanja.

Jumapili, 15 Desemba

Nimeanika zulia kwenye uwanja wa mpunga. Limevuta watu kuliko baraka ya mtawa. Mzee Mun kaliinamia, kanusa, kauliza mbona tope hili ni lile la mafuriko. Nikacheka kuliko wote. Hakuna aliyenisaidia kucheka.

Kabla ya saa sita nimelikunja na kulirudisha garini. Bichi. Sponji nayo mbichi. Viti juu yake. Sida kauliza limekauka? Kama samaki wa kuanika, nikasema.

Jumanne, 17 Desemba

Naandika nikiwa benchi la kliniki.

Uchungu ulianza alfajiri. Ukungu nje, ukungu ndani. Kiyoyozi hadi mwisho, hewa ya nje wazi, meno yanagongana – kioo kinafunguka kidogo, halafu unyevu unapanda kutoka sakafuni. Kona ya tatu sikuona barabara. Nikasimama. Fong kaniminya bega, sijui ni uchungu au ni hasira. Sida kashuka, kang'oa pembe ya zulia kwa mikono yake, maji yakamwagikia viatu.

"Njia ya mwongo ni fupi, Baba Fong. Hii ya kliniki bado ndefu."

Tulivuta zulia lote nje, tukalitupa nyuma pamoja na sponji. Vioo vya pembeni vyote chini, Fong kafunikwa mablanketi, Sida anafuta, mimi natambaa. Tumefika.

Sasa nesi katoka. Mtoto kakaa vibaya, lazima Fong apelekwe hospitali ya mjini. Gari la wagonjwa litachelewa kutoka huko. Akaniuliza mbele ya Sida: gari lako ni la kuaminika? Limewahi kuingia maji?

Mdomo ulishafunguka kumtaja mwalimu wa Nan.

Nesi anasubiri na simu mkononi. Sida hanitazami, anatazama viatu vyake. Nimemwambia nesi aite la wagonjwa.

Hakuna mwalimu. Nililikuta yadi ya magari ya mafuriko, tope hadi usukani, nikalinunua huku naona.