Hapa Ni Kwenu

Songea

Kaka yangu Shabani,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu, na mama hakunilea niruke salamu hata nikiwa na hasira. Hamjambo wewe, wifi na watoto? Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila baridi ya huku inanitesa. Nashona sare za shule huku nimevaa soksi mbili mbili, bosi wangu ananicheka, anasema watu wa pwani tumedeka. Kazi ipo, mgongo ndio haunyooki.

Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Shangazi amenieleza yote uliyosema kwenye kikao cha mtaa. Nimelia, kaka, mpaka nikalowesha kola ya shati la mtoto wa watu.

Unakumbuka siku wakubwa wa hicho chuo kipya cha mtaani kwetu walipokuja nyumbani mara ya kwanza? Nilikuwa nimekuja likizo, chai niliwatengea mimi. Walisimama kwenye minazi ya mama wakisifia upepo. Mama akawatandikia mkeka mpya, akawaambia, "Karibuni wanangu, msione haya, hapa ni kwenu." Nani kwetu hasemi hivyo? Hata muuza mabeseni akipita huambiwa hapa ni kwake. Akishakunywa maji hujitwisha mabeseni yake, akaenda zake.

Wale wageni wangekosea ningewasamehe, pengine kwao maneno hayo yana maana nyingine. Lakini wewe! Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja. Mama kalala na homa, wewe ukasimama mbele ya mwenyekiti wa mtaa ukasema, "Mama aliwapa eneo lile. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia hapa ni kwenu." Kisha ukatia sahihi kwa niaba ya familia. Sasa minazi imekatwa, wanafunzi wanaegesha magari yao pale, na wewe unavaa kitambulisho shingoni, afisa mahusiano wa chuo. Mahusiano na nani, Shabani?

Mtaa wetu mzima wa Dunda uliahidiwa maji na zahanati, ukapata ukuta na walinzi wanaofukuza bodaboda. Ya chuo siyashangai, wenye fedha ndivyo walivyo. Yako ndiyo yanayonichoma. Makuti ya minazi ile mama aliyasuka akayauza, sisi tukala, tukavaa. Umenisaliti mimi, na yeye umemuuza kwa ukarimu wake mwenyewe. Rudi kwa mwenyekiti ukaseme kweli, kwamba yale yalikuwa maneno ya kumkaribisha mgeni, hakuna aliyepewa kitu.

Nisalimie wifi na watoto. Shangazi mwambie gauni lake nimeshalikata, bado kushona. Yule jirani yetu seremala, aliyekubishia peke yake kikaoni, mpe mkono wangu, kama unaweza kumtazama usoni. Mama usimpe salamu zangu, nitampa mwenyewe.

Ijumaa nilikuwa naongea naye kwenye simu, mtu akabisha hodi. Wamjua mama, hodi haijaisha kutamkwa yeye keshasema karibu, hata hajajua ni nani. Safari hii alinyamaza. Hodi ikaja tena.

"Nani?" akauliza.

Nikasikia sauti yako. "Mimi, mama. Shabani."

"Unataka nini?"

Nilingoja aseme karibu, kaka. Hakusema.

Mdogo wako,
Mwanaidi