Mpaka Tisini na Saba

Katubuka,
Kigoma.
7 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi Devota,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mama alirudi jana kutoka Ilagala na dagaa wake; mvua ikituachia watakauka.

Shangazi, kama ulivyokwisha kusikia, baba anataka nibadili tahasusi kabla dirisha halijafungwa mwisho wa mwezi. Anasema Hesabu za kidato cha tano hazimfai msichana anayeogopa hata kuomba chumvi kwa jirani. Tulikubaliana nisimame sebuleni, mbele yake na jirani yetu Mwalimu Nehemia, yule mstaafu, nieleze jambo moja la hesabu bila kushika daftari. Nikiweza, ananiacha na Hesabu zangu.

Jana nilisimama. Nilichagua 9991, nikasema ni namba tasa: ungekuwa na samaki aina ya mgebuka 9991, usingeweza kuwaanika kwa mistari iliyo sawa, labda uwatandaze wote mstari mmoja. Nilikuwa nimeigawa kwa namba tasa zote hadi 89, nikachoka, nikajiambia yatosha.

"Na 97 je, binti?" Mwalimu akauliza.

Nikagawa pale pale. Ikatoka 103 kamili.

"Kumbe samaki wamepangika!" Baba alicheka mpaka akashika mbavu. "Nenda kasome Historia, mama."

Nikasema, "Baba, naomba Jumapili nyingine."

Akanitazama kidogo. "Moja tu."

Sasa nina 9973. Nimeigawa mara mbili kwa namba tasa zote ishirini na tano zilizo chini ya mia. Kwa 97 inabaki 79. Kuendelea hakuna haja, maana kigawo kinachozidi mia lazima kiwe na mwenzake chini ya mia, na hao nimeshawamaliza. Tena nimeona jambo lililonifurahisha mno: 82 mara 82, ukijumlisha na 57 mara 57, unaipata 9973 yenyewe.

Kwenye ujumbe wako umesema utampigia baba simu unitetee. Asante sana, Shangazi, lakini nakuomba usipige. Akikubali kwa ajili yako, ataendelea kuniona yule yule. Nataka ashike kalamu mwenyewe, aigawe, ashindwe.

Wasalimie Thobias na Catherine. Mungu aitunze nyumba yako.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye sana,
Yunisi