Vitambaa Vyekundu

Jumatatu, 4 Machi

Si TB! Daktari wa kifua kasema mwenyewe. TB yangu ya zamani ilipona, ila iliacha shimo kwenye pafu la kulia, na sasa kuvu imeota humo, imejiviringisha donge. Kuvu! Ukungu wa mkate! Fundi cherehani mzima, nimegeuka kabati lenye unyevu. Haiambukizi. Vidonge miezi mingi, labda upasuaji. Nikikohoa damu vijiko viwili vitatu, nimpigie. Ikikaribia kikombe, nikimbie hospitali, nisingoje mtu.

Nyumbani nikaeleza yote. Shemeji, kaka wa mke wangu, bingwa wa kila asichosomea, kasikiliza hadi mwisho. Halafu kanitengea kikombe. Kakitia alama kwa rangi ya kucha.

Jumatano, 6 Machi

Damu kidogo asubuhi. Mke wangu kaiona kwenye kitambaa cha mfukoni, kapiga ukelele. Na Jumamosi wanakuja wazazi wa kijana anayemchumbia binti yetu! Wakiona damu wataaga kabla ya chai.

Lakini mimi ni fundi bwana. Yalibaki mabaki ya sare nilizoshonea kwaya — nyekundu ya kuwaka. Nimejishonea vitambaa sita, pindo safi. Kohoa utakavyo, hakionekani kitu! Najipongeza.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu wa kwaya kaja dukani amevimba. Eti sare zimechuja, mashati meupe ya ndani yamekuwa ya waridi makwapani. Kitambaa changu hakichuji, nikamwambia, angalieni sabuni yenu. Nikaapa mbele ya wateja. Kaondoka anasonya.

Jumamosi, 9 Machi

Wageni wako sebuleni. Mama wa kijana kavisifia vitambaa vyangu, anataka wasimamizi wa harusi washonewe kama hivyo! Nikacheka — kosa. Kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikakataa kukoma. Nikakimbilia chumbani. Vitambaa vinne vimelowa chapachapa.

Nikampigia daktari. Damu kiasi gani? Sijui, daktari, kitambaa ni chekundu. Kwa nini chekundu? Nikaanza kumsifia pindo. Njoo sasa hivi, kasema. Nikamwambia wageni hawajanywa chai.

Mke wangu kaingia na beseni la maji, kavitumbukiza vyote vinne. Maji yakawa mekundu papo hapo, mekundu hadi chini! Akanitazama. Hii ni rangi, baba, au ni wewe?

Niliapa hakichuji. Ee Mungu, nifanye mwongo! Mwalimu wa kwaya awe kasema kweli, nitamshonea sare zote upya, bure, na kola juu!

Shemeji anagonga mlango. Anauliza chai yangu aitie kikombe kipi, maana kile chenye alama kapewa mgeni kwa bahati mbaya. Mke wangu kachana shuka jeupe la wageni, kaniwekea kipande mapajani. Naandika ili nisikohoe. Kifua kinawasha.