Sahani ya Mama

Shangazi Léocadie,

Uji wa Mama uko jikoni. Mpe ukiwa vuguvugu, kwa maana ukiwa moto shavu litamchoma. Funga mlango, waasi wamepita tena barabarani.

Ninakwenda Bujumbura kutafuta vidonge vingine, kwa sababu asubuhi hii Mama amevitupa vyote motoni. Kosa ni langu. Jana, kwa majivuno ya chuo kikuu, niliwaeleza nyote kwamba dawa hiyo ni ya kifafa, ila hutuliza pia mshipa wa uso, huo unaomchoma Mama shavuni. Mlisikia kifafa tu. Leo umemtengea sahani na kikombe chake, ukamwambia, “Wifi, usikasirike, iko juu ya batoto, basiambukizwe kifafa.” Nami nikala pamoja nanyi.

Nilipomuuliza mbona amevichoma, alinijibu, “Mwanangu, afazali shavu iniwake kuliko kukula peke yangu.”

Nilikuwa nimeandika hapa “nitarudi kesho”, nikayakata maneno hayo, kwani sijui kama mpaka ungali wazi. Hata nikivipata, sidhani kwamba atavimeza.

Nisiporudi, Shangazi, basi kula naye sahani moja.

Mtoto wa kaka yako,
Charlotte