Shingo za Shaba

Dillon, Montana
Oktoba

Wifi yangu Idella,

Jamu yako ya cheri imefika, na ni chupa moja tu iliyovunjika. Huku theluji imeshaanza kushika milimani, na majirani hawana habari nyingine ila kuwinda.

Kakako Verlin anakula vizuri na ananitazama. Ila tangu apigwe na kiharusi majira ya kuchipua, hajatoa neno hata moja, kama ujuavyo.

Jumanne nilitoa maganda yake ya risasi, yale anayoyajaza baruti upya kila mwaka. Shaba ikitumika sana hukakamaa ikapasuka shingoni, pale kichwa cha risasi kinapokaa, kwa hiyo yeye huipitisha shingo kwenye moto wa gesi, ilainike. Nilimkalisha karibu nami bandani, nikafunga madirisha kama afanyavyo yeye, maana rangi ya shaba inayobadilika huonekana gizani. Nikashika ganda kwa koleo, huku nikimsimulia habari za ng'ombe wa jirani. Nikajisahau, shingo ikaanza kuwa nyekundu.

"Toa! Unaliharibu, we mwanamke!"

Idella, koleo liliniponyoka. Maisha yangu yote sijawahi kufurahia kufokewa namna ile. Nikamuuliza, "Umesemaje?" Akanionyesha ganda jingine kwa kidole.

Kile chumba ulichomtafutia kwenye nyumba ya wazee, waambie wampe mwingine. Mimi kila asubuhi nawasha moto, nachukua ganda bovu, nalichelewesha motoni makusudi. Na kakako ananigombeza.

Wifi yako mbishi,
Maureen