Pikapu Inayozima Mke Wangu Akipanda

Dada Watiri mpendwa, niokoe na hii aibu. Niko na pikapu ya zamani ya kabureta, niliachiwa na marehemu baba, na kila Jumanne mimi na mke wangu Gathoni tunatoka Wamagana kupeleka kabeji Karatina, sasa siku hizi njiani inaanza kukohoa, inazima, na fundi ameosha kabureta, amebadilisha filta, hata pampu ya petroli ni mpya, wapi! Kabla ya haya yote, mimi mwenyewe nilikuwa nimekaza kifuniko cha tangi na kipande cha tyubu ya gurudumu, petroli isimwagike kwenye kona. Kinachonishangaza ni hiki: Gathoni akishuka kusukuma, mimi nafungua tangi kuchungulia, petroli iko, nafunga, napiga stata, inawaka! Akipanda, tunaenda kidogo, inazima tena. Mama akasema ati Gathoni ana mkosi, asiguse gari la marehemu, nami nikanyamaza. Sasa Gathoni anaenda sokoni na matatu, mimi napeleka maziwa hapa karibu na haizimi hata mara moja, na yeye amefunga nguo, Jumapili anarudi kwao. Kweli mkosi unaweza kuzima injini?
Theuri, Wamagana

Theuri, nimecheka, halafu nimekasirika. Jibu umeliandika mwenyewe ukalipita! Najua, huku kwetu tyubu inafunga mzigo, inafunga hata geti ya ng'ombe. Lakini kifuniko cha tangi kina kitundu cha kuingiza hewa, na wewe umekiziba. Petroli ikipungua bila hewa kuingia, pampu inavuta mpaka inashindwa, kabureta inakauka. Ulipofungua kuchungulia, hukusikia "fyuu"? Hiyo ilikuwa hewa ikiingia. Gari liliwashwa na mkono wako, si miguu ya Gathoni. Safari ya maziwa ni fupi tu, unafika kabla pampu haijashindwa.

Ng'oa hiyo tyubu leo. Zibua kitundu kwa sindano, na kama mpira wa kifuniko umeisha, nunua kifuniko kingine chenye kitundu.

Na usithubutu kwenda kujaribu gari kwanza ukiwa peke yako! Mke wako si kesi ya kutafutiwa ushahidi. Mwombe msamaha kabla injini haijawaka, mama yako akisikia. Sema ulinyamaza na ulikosea. Gathoni akikubali, Jumanne akae mbele, kando ya dirisha. Mama naye apande, akae katikati, na hiyo tyubu aishike yeye mpaka Karatina.